Nani Asikilizaye? Ushahidi Jukwaani kwa Peter Weiss na Milo Rau

Wahakiki wa tamthilia ya ushahidi, yaani ile inayojengwa kwa maneno ya watu halisi, hushughulika mno na swali la ukweli wa maneno hayo. Makala haya yanadai kwamba uzito wa utanzu huu umo kwa yule anayesikiliza jukwaani.

Katika Die Ermittlung (1965), Peter Weiss alitumia kesi ya Auschwitz iliyosikilizwa Frankfurt kuanzia Desemba 1963 hadi Agosti 1965, akaipanga katika nyimbo 11. Washtakiwa wana majina yao halisi. Mashahidi 9 wana nambari tu. Wapo wanaoona kuwa Weiss amewavua mashahidi utu. Hatukubaliani nao: ni kambi iliyowapokonya majina, na mtunzi amekataa kuyarejesha kana kwamba lilikuwa jambo jepesi. Gharama ya fani hii ni nyingine. Kila shahidi hubeba maneno ya wengi, kwa hiyo hatuoni uso mmoja ukizeeka pamoja na kumbukumbu yake. Kinachobaki akilini ni maelekezo ya jukwaani: washtakiwa wanacheka. Shahidi anasema, na msikilizaji wake wa karibu kabisa ni adui asiyejuta.

Miaka 50 baadaye, Milo Rau aligeuza mpangilio huo. Katika The Dark Ages (Munich, 2015), watu watano kutoka Bosnia, Serbia, Urusi na Ujerumani wanasimulia maisha yao kwa majina yao wenyewe; mmoja wao ni manusura wa mauaji ya Prijedor ya mwaka 1992. Msimulizi huielekea kamera, na uso wake hutanda kwenye skrini. Wenzake husikiliza, akiwamo Mserbia, aliyekulia upande wa pili wa vita hivyo hivyo. Hacheki, wala haombi msamaha kwa niaba ya mtu. Kimya chake ndicho tendo kuu la tamthilia, na ni tendo ambalo Weiss hakuweza kuliandika, kwa kuwa mahakama ya Frankfurt haikulitoa.

Lakini kimya hicho hurudiwa kila onyesho. Manusura hujifunza, kama mwigizaji yeyote, ni neno gani litakalowafanya watazamaji washushe pumzi, na anayemsikiliza hujua neno hilo linakuja. Washtakiwa wa Weiss, wanaoigizwa na wengine, hawana mzigo huo.