Kusuuza Roho na Kurusha Roho: Lugha ya Wasikilizaji wa Taarab

Neno taarab, kwa asili yake ya Kiarabu, si jina la ala wala la aina ya shairi. Ni jina la hali impatayo msikilizaji: ile furaha au huzuni imshikayo mtu, hata akatikisika, asikiapo sauti njema. Waswahili walilipokea neno hili wakalifanya jina la muziki wenyewe. Lakini maana ya kwanza haikupotea, kwa kuwa hata leo taarab huhukumiwa kwa yale iliyowatenda waliohudhuria. Ajabu ni kwamba walioandika juu ya taarab wameangalia sana watunzi na waimbaji, na mashairi zaidi ya yote, ilhali msikilizaji, ambaye muziki huu umepata jina kwa hali yake, ametajwa kwa uchache. Makala haya yahusu maneno ya msikilizaji huyo: yale yasemwayo barazani na uani asubuhi baada ya usiku wa taarab, waliokwenda wanapowasimulia wasiokwenda, au wanapobishana wao kwa wao. Dai lake ni kwamba mazungumzo hayo ni uhakiki hasa, wenye istilahi zake na vipimo vyake. Na ya kuwa ahakikiye taarab kwa karatasi ya mashairi peke yake ahakiki nusu ya kitu.

Fungu la kwanza la istilahi hizo latoka jikoni. Taarab iliyopendeza husemwa kuwa ilinoga, au ilikolea. Sauti husifiwa kuwa tamu. Na usiku usiopendeza huitwa chapwa, kama mchuzi usio chumvi, au husemwa kuwa ulipooza. Mwimbaji ambaye siku zake zimepita hutajwa kwa neno la wafuaji: amechuja, kama kanga iliyokwisha rangi. Maneno haya si mapambo matupu. Kunoga na kukolea ni vitenzi visivyomtaja mtendaji. Mpishi hutia chumvi, lakini chumvi hukolea yenyewe, na hukolea kwa muda. Msikilizaji asemapo kwamba taarab ilikolea, hampi sifa mpiga udi peke yake, wala mpiga kanuni, wala mtunzi, wala mwimbaji. Asema kwamba vyote vilichanganyika na kuwa kitu kimoja. Kwa sababu hiyo masimulizi yake hayakosi kutaja wakati. Husema kwamba bashraf ya kufungulia ilipita watu wakingali wanatafuta viti, kwamba nyimbo mbili za kwanza zilikuwa baridi, na kwamba mambo yalikolea usiku ulipokuwa mkubwa. Kipimo cha namna hii hakimo katika uhakiki wa maandishi, kwa kuwa shairi lililochapwa halina saa.

Fungu la pili lahusu roho, na hapa sarufi yafaa kuangaliwa kwa makini. Msikilizaji aliyeridhika husema kwamba roho yake imesuuzika. Kusuuza ni kazi ya maji ya mwisho: chombo kimekwisha kusuguliwa, sasa chaondolewa povu. Basi katika msemo huu mwenye roho ni msemaji mwenyewe. Lakini upo msemo wa pili, uliopata nguvu sana tangu miaka ya 1990 hata ukawa jina la mtindo mzima wa taarab: kurusha roho. Hapa mwenye roho si msemaji. Anayerushwa roho ni mwingine, yaani mshindani, au jirani, au mke mwenziwe. Naye hurushwa roho na wimbo, au na yule aliyeushika wimbo na kuuelekeza kwake. Misemo hii miwili haipingani. Usiku mmoja, na pengine wimbo mmoja, waweza kumsuuza huyu roho na kumrusha yule. Lakini yaonyesha kwamba wasikilizaji hutambua kazi mbili za taarab, ya kumtuliza mtu nafsi yake na ya kumfikia mtu mwingine, na ya kuwa mwimbaji hupimwa kwa zote mbili.

Jambo hili laonekana wazi zaidi katika kitenzi kuimba chenyewe. Mhakiki wa mashairi huuliza: kumeimbwa nini? Msikilizaji aghalabu huuliza: nani kaimbiwa? Kauli ya kutendea, ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huifahamu tangu mwaka wake wa kwanza, hapa yabeba uzito wote wa hukumu. Wimbo wa taarab hutungwa kwa mafumbo. Haumtaji mtu kwa jina. Nani aimbiwaye hujulikana ukumbini, nako hujulikana kwa tuzo. Mwanamke husimama, akaenda mbele polepole kwa mwendo wa madaha, noti mkononi, akamtuza mwimbaji pale ubeti unapofika maneno ayatakayo. Pengine hupita karibu na kiti cha anayekusudiwa. Pengine humtupia jicho tu. Kwa kitendo hicho maneno ya mtunzi huwa maneno yake. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 juu ya muziki na siasa za utamaduni Tanzania, ambacho sehemu yake kubwa yatokana na utafiti uliofanywa Tanga, ameeleza kwa urefu jinsi tuzo inavyokuwa njia ya kusema yasiyosemeka. Lililo muhimu kwa makala haya ni kwamba wasikilizaji walikwisha kulijua hilo, nao hulisimulia kila mara. Masimulizi ya asubuhi hayatoshi bila kutaja nani aliinuka, katika ubeti gani, na nani aliinamisha kichwa.

Basi na itazamwe hasara ya kuyaacha hayo. Wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe wajulikana kwa Siti binti Saad, na baadaye ulienea tena kwa kinywa cha Fatuma binti Baraka, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bi Kidude. Kwa mhakiki wa karatasi, wimbo huu ni shairi moja, na lililobaki ni kulinganisha maneno yaliyogeuka. Kwa msikilizaji ni matukio mawili mbalimbali, kwa sababu sauti ni mbali, zama ni mbali, na waliokaa mbele ya mwimbaji hawakuwa watu wale wale.

Habari za Siti mwenyewe zaonyesha vema kilichopotea. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, naye ni katika watu wa kwanza wa pwani hii ambao sauti zao ziliingia katika sahani za santuri. Upande mmoja wa sahani ya siku zile ulichukua dakika tatu hivi. Ilibidi wimbo ukatwe ulingane na sahani. Na zaidi ya hayo, uliimbwa chumbani, pasipo mtu wa kuinuka, wala wa kutuza, wala wa kutaka ubeti urudiwe. Siti alikufa mwaka 1950. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, uliochapwa mwaka 1958, na kwa kufanya hivyo alimpa mwimbaji heshima ambayo waandishi walikuwa wakiwapa watawala na mashujaa. Sahani zipo, na maneno ya nyimbo nyingi yapo. Lakini namna wasikilizaji wake walivyozungumza asubuhi ya pili twaijua kwa uchache, na kwa sehemu kubwa ni kwa sababu Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya burudani na siasa za Unguja, aliwasikiliza wazee waliokumbuka. Kutoka kwao yajulikana kwamba wimbo kama Kijiti, usimuliao kisa cha mauaji ya mwanamke mgeni, ulipokewa pia kama neno juu ya mahakama na hukumu zake. Haya hayapatikani kwa kuhesabu mizani.

Hata hivyo kuwaheshimu wasikilizaji si kukubali kila walisemalo. Uhakiki wao una kasoro, na kubwa ni kuisifu jana kwa kuitukana leo. Tangu East African Melody na vikundi vya namna yake vilipotokea katika miaka ya 1990, vikaweka kinanda cha umeme mahali pa fidla nyingi, na watu wakaacha viti wakacheza, pamekuwa na lawama isiyokoma: kwamba taarab ya zamani ilikuwa ya adabu na mafumbo, na ya kisasa ni matusi matupu. Nusu ya pili ya lawama hii yafaa kujadiliwa. Nusu ya kwanza haina msingi. Katikati ya karne ya 20 vyama vya wanawake vya mjini Unguja, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ary, vilishindana kwa nyimbo za kujibizana, na ushindani wao haukuwa wa upole. Huko Tanga, Black Star na Lucky Star vilikuwa na mashabiki wao walioshikilia chama kama watu washikavyo timu ya mpira. Kurusha roho kulikuwapo kabla ya kuwa jina la mtindo. Kilichobadilika si nia ya kumfikia mtu. Ni umbali wa njia. Fumbo refu humpa anayeimbiwa nafasi ya kujifanya hakusikia, na huo ni ustaarabu wa kweli. Kijembe cha wazi humnyima nafasi hiyo. Lawama ikisemwa hivyo ina maana. Ikisemwa kama kilio cha kupotewa na adabu, ni kujisahaulisha.

Kasoro ya pili ni kwamba msikilizaji wa mwambao, kwa kushughulika na nani kaimbiwa, huweza kupitwa na sauti yenyewe. Jambo hili limedhihirishwa na aina mpya ya wasikilizaji. Tangu mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara limewaleta Unguja wageni wengi, ambao kwa miaka mingi walikusanyika Ngome Kongwe kusikiliza nyimbo wasizozijua lugha yake. Mgeni huyo hawezi kujua ubeti upi umemchoma nani. Lakini kwa kunyimwa maneno amesikia vingine: mkwaruzo wa koo, pumzi, na ukaidi wa sauti isiyotaka kuzeeka. Bi Kidude, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki tarehe 17 Aprili 2013, alisifiwa ughaibuni kwa mambo hayo hasa. Ni upungufu kudhani kwamba sifa hizo zote ni ushamba wa wageni. Na ni upungufu mkubwa zaidi kudhani kwamba zatosha. Sauti ile ilikuwa pia sauti ya unyago, ya mwanamke aliyewafunda wanawari, na masikio ya nyumbani hayakuweza kuyatenga hayo mawili. Msikilizaji mmoja asikia koo bila neno, mwingine asikia neno na kulipita koo. Mhakiki hana budi kuwasikiliza wote wawili, na kujua kila mmoja amekaa wapi.

Yafuatayo basi yatakiwa na wale wafanyao kazi ya Kiswahili. Kwanza, watunga kamusi wasiishie kusema kwamba kukolea ni habari ya chumvi na kusuuza ni habari ya vyombo. Matumizi ya maneno haya katika kuhukumu muziki ni maana zake kamili, na yastahili mifano yake. Pili, wakusanyao nyimbo za taarab waandike, pamoja na beti, siku na mahali zilipoimbwa, na masimulizi ya watu waliokuwapo, yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na mabishano yake. Majina ya waliotuzana na walioimbiwa yafichwe, kwa kuwa fumbo lililofichwa na mtunzi halifai kufichuliwa na mtafiti. Tatu, kazi hii ifanywe pamoja na wanawake watafiti wenye kuaminiwa uani, maana sehemu kubwa ya uhakiki huu ni wa wanawake, nao hausemwi mbele ya kila mtu. Miaka mingi ya utafiti wa ushairi wa Kiswahili imehifadhi kwa uangalifu miswada ya watunzi, na hiyo ni kazi njema. Lakini muswada wa msikilizaji ni kumbukumbu yake, nayo haikai zaidi ya umri wa mtu mmoja. Waliowaona Culture Musical Club katika miaka yao ya mwanzo, baada ya chama hicho kuanzishwa mwaka 1958, sasa ni wazee. Yafaa waulizwe mapema.