Mwenda Jean Bosco: Kumbukumbu ya Vidole na Kumbukumbu ya Maneno

Utangulizi

Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwezi wa Septemba 1990. Mwaka mmoja hivi kabla yake, Oktoba 1989, Franco Luambo Makiadi alikuwa amefariki Ubelgiji, na Zaire nzima ikatangaziwa siku nne za maombolezo ya kitaifa. Mwenda hakuwa na bendi kubwa wala mji mkuu wa kumlilia. Kumbukumbu yake iliachwa mikononi mwa wapenzi wake, nao wametawanyika: wengine Likasi na Lubumbashi, wengine Nairobi na magharibi ya Kenya, wengine Ulaya, Marekani na Afrika Kusini.

Makala haya yanachunguza namna wapenzi hao wanavyomkumbuka. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu ya Mwenda imegawanyika sehemu mbili. Moja ni ya vidole, nayo imehifadhiwa vizuri, imeandikwa kwa nota na kufundishwa mbali na Kongo. Ya pili ni ya maneno, nayo ni ya Kiswahili. Hiyo ndiyo inayopotea, na jukumu la kuinusuru ni la idara za Kiswahili kabla ya kuwa la wanamuziki.

Mtunzi na mazingira yake

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, makao ya watawala wa Wayeke. Utawala huo ulianzishwa katika karne ya 19 na Msiri, mtu mwenye asili ya Unyamwezi, aliyeuawa mwaka 1891. Jina la Mwenda ni jina la ukoo huo wa kitawala. Wakati wa siasa ya uhalisi katika miaka ya 1970, Wazaire walipotakiwa kuacha majina ya Kizungu, msanii alijiita Mwenda wa Bayeke. Kwa hiyo jina lake lenyewe lilikuwa limebeba historia ya safari kati ya Tanzania ya leo na Katanga, ile njia ambayo Kiswahili nacho kiliipita.

Hata hivyo, Kiswahili cha nyimbo zake si cha misafara peke yake. Ni Kiswahili cha migodi. Kampuni ya Union Minière iliwaleta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na katika makambi yake lugha hii ikawa ya wote. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha kwamba wakoloni walishiriki kuieneza na kuiwekea mipaka. Walitaka lugha ya kuamrisha kazi, lakini wenyeji waliitumia pia kuposa, kugombana, kusali na kuimba.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimkuta Mwenda mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, akamrekodi. Katika nyimbo za wakati huo zimo Masanga na Bombalaka. Santuri zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, zikafika mbali kuliko mtunzi mwenyewe alivyopata kufika hadi hapo. Baadaye Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, na wapiga gitaa wa Kenya wakajifunza kwake. Alipiga katika tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, akazuru Ulaya mwaka 1982. Pamoja na hayo yote, hakuweza kuishi kwa muziki peke yake.

Kumbukumbu ya vidole

Wapenzi wa nje humfananisha Mwenda na wapiga bluzi wa Marekani, hasa Mississippi John Hurt, aliyerekodiwa mwaka 1928, akasahauliwa, kisha akatafutwa na kupatikana mwaka 1963. Ulinganisho huu una msingi. Katika mtindo wa wote wawili dole gumba hushika sauti za chini bila kukoma, na kidole kingine huchezesha sauti za juu. Sauti ya mwimbaji huingia kama mstari wa tatu, na mara nyingi haianzi pale ambapo gitaa linaanza. Msikilizaji asiyeona hudhani wapigaji ni wawili.

Lakini kufanana huku hakuthibitishi kwamba mmoja ametokana na mwingine. Kwa sehemu kubwa kunaelezwa na hali ya kazi: mtu mmoja, gitaa moja lisilo na umeme, na hadhira iliyosimama karibu. Anayeita muziki wa Mwenda bluzi ya Kiafrika anamsaidia msikilizaji mgeni kuusogelea, lakini asipoangalia atamfanya Mwenda kuwa kivuli cha mtu mwingine.

David Rycroft alichapisha uchambuzi wa kina wa upigaji huu katika jarida la African Music, sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962. Kama anwani yake inavyoonyesha, lengo lake lilikuwa ubunifu wa gitaa. Kazi hiyo ina thamani kubwa, kwa maana ilimtendea msanii wa mtaani kwa makini ambayo kwa kawaida yalitengewa watunzi wa Ulaya. Baada yake alikuja John Low, mpiga gitaa wa Uingereza, aliyesafiri hadi Shaba kumtafuta Mwenda, Losta Abelo na Edouard Masengo ili akae nao na kujifunza. Masimulizi ya safari hiyo yalichapishwa Vienna mwaka 1982.

Tangu hapo, Masanga umekuwa kipimo cha mpigaji. Anayeweza kuupiga huhesabiwa kuwa ameuelewa mtindo wa Katanga. Hapa pana jambo la kushangilia na la kusikitikia pia. Wapo watu wengi duniani wanaoupiga wimbo huu bila kosa, na hawajui neno hata moja la Kiswahili. Kwao Mwenda ni mkono wa kulia.

Yafaa kuongeza kwamba neno la kugunduliwa upya, ambalo wapenzi hao hulipenda, halina maana kwa majirani zake. Watu wa Likasi hawakumpoteza. Aliyepotelewa ni msikilizaji wa mbali, ambaye alikuwa na santuri bila anwani ya mtu.

Kumbukumbu ya maneno

Kwa nini maneno hayakuhifadhiwa kama vidole? Sababu ya kwanza ni dharau. Kiswahili cha Kongo kimeitwa Kingwana, lugha ya kikazi, lugha iliyovunjika. Mhakiki aliyelelewa kwa tenzi za pwani na sarufi sanifu akikutana na nyimbo za Mwenda huona upatanisho uliolegea na msamiati mgeni, akafunga daftari.

Sababu ya pili ni umbo la nyimbo zenyewe. Wimbo wa gitaa wa Katanga hauna masimulizi yenye mwanzo na mwisho. Beti zake ni fupi, husemwa kama vijembe, salamu au mashauri, na ubeti mmoja waweza kuhamia wimbo mwingine. Anayetafuta dhamira moja ataona vipande tu. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi anaijua tabia hiyo: ndivyo ngoma nyingi zinavyotungwa. Fani ya vipande inamruhusu mtunzi kusema na watu waliopo, kwa majina yao na kwa yaliyotokea jana yake.

Mifano michache ya msamiati yatosha kuonyesha hasara iliyopo. Chukua jina la wimbo Bibi Theresa. Msomaji wa Dar es Salaam huweza kufikiri habari ya nyanya au mwanamke wa kuheshimiwa. Katika Kongo ya mashariki bibi ni mke. Tofauti hiyo peke yake inabadili uhusiano kati ya anayeimba na anayeimbwa. Vivyo hivyo kitenzi kutumika, ambacho katika Kiswahili Sanifu humaanisha kuwa chombo cha matumizi, Katanga ni kufanya kazi ya mshahara. Mhariri akikisahihisha kitenzi hicho katika nyimbo za mji wa migodi, amefuta kazi yenyewe.

Mfano wa tatu ni Masanga. Msikilizaji wa Yahuma, magharibi ya Kisangani, ambako Lingala ina nguvu kuliko Kiswahili, hulisikia neno hilo mara moja kama kileo. Lakini mzizi wa -sang- wenye maana ya kukutana na kuunganika umeenea katika lugha za Kibantu za eneo hili, na Lingala yenyewe inao katika kosangana. Neno moja, basi, laweza kumpeleka msikilizaji mmoja kwenye kilabu na mwingine kwenye makutano. Mhakiki asiharakishe kuchagua. Aulize kwanza wimbo ulisikilizwa wapi, na nani, kwa lugha gani nyingine kichwani.

Hapo ndipo Tshopo inapoweza kuchangia. Kisangani ni mahali ambapo Kiswahili na Lingala hukutana kila siku sokoni, na mwanafunzi atokaye Yahuma huja chuoni na masikio mawili. Anaweza kusikia katika nyimbo hizi kile ambacho mwanafunzi wa pwani hakisikii. Tatizo ni kwamba tangu mageuzi ya mwaka 1971, yaliyounganisha vyuo vikuu na kuhamishia masomo ya fasihi Lubumbashi, masomo hayo yameonekana kama mali ya mji mmoja. Lubumbashi imefanya mengi: uchunguzi wa Walter Schicho na Mbayabo Ndala kuhusu michezo ya kundi la Mufwankolo, uliochapishwa mwaka 1981, ulithibitisha kwamba Kiswahili cha mji kinaweza kuandikwa kama kinavyosemwa na kuchambuliwa kwa heshima. Nyimbo za Mwenda zinastahili utaratibu uo huo.

Hitimisho

Haidaiwi hapa kwamba maneno ya Mwenda yanazidi gitaa lake. Wala si haki kuwalaumu wapenzi wa mbali, kwa kuwa wao walihifadhi walichoweza kukisikia. Wanaopaswa kuulizwa ni wale wanaosikia vyote viwili na hawajaandika.

Kazi inayotakiwa inajulikana. Kwanza, nyimbo zote zilizorekodiwa zinukuliwe katika Kiswahili cha Katanga bila kusanifishwa, maelezo yakiwekwa kando. Pili, nukuu hizo zisomwe mbele ya wazee waliozisikia zilipokuwa mpya, maana vijembe vingi havieleweki bila watu waliokusudiwa. Tatu, maneno yarudishwe juu ya gitaa, ili ionekane ni wapi sauti inaingia na kwa nini inachelewa. Hatua ya pili haiwezi kuahirishwa. Aliyekuwa na miaka 20 santuri ya Masanga ilipotoka mwaka 1952 alitimiza miaka 90 mwaka 2022. Santuri zitaendelea kuwapo katika maktaba za nje. Wenye ufunguo wa maneno yake hawatangoja.