Ufundi wa Kusimulia Kinachojulikana

Riwaya za kisasa zinazosimulia upya visasili vya Wagiriki, yaani hadithi zao za kale za miungu na mashujaa, humpa msomaji raha isiyotegemea taharuki, ile hamu ya kujua kitakachotokea, kwa kuwa mwisho umekwisha kujulikana: Troy itateketea, Hector atauawa, na Achilles naye hatarudi kwao. Msikilizaji wa utendi wa Fumo Liyongo hujua kabla ya ubeti wa kwanza kwamba shujaa atachomwa sindano ya shaba na mwanawe, na bado hukaa hadi mwisho. Anachokitafuta msomaji wa riwaya hizi ni pale ambapo msimulizi wa kale alipita haraka, na mwandishi wa leo akaamua kutua.

Katika Iliad, utenzi wa vita vya Troy unaonasibishwa na Homer, Briseis ndiye mateka anayegombewa na Achilles na Agamemnon, kiongozi wa jeshi la Wagiriki, ilhali hunena mara moja tu, anapoulilia mwili wa Patroclus, mwandani wa Achilles. Pat Barker, katika The Silence of the Girls ya mwaka 2018, aliichukua sauti hiyo akaijengea riwaya inayosimuliwa kwa sehemu kubwa na Briseis mwenyewe.

Ustadi mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika Ransom ya Mwaustralia David Malouf, iliyotoka mwaka 2009, ambayo imejengwa juu ya kitabu cha 24 cha Iliad, Priam, mfalme wa Troy, anapokwenda kwenye kambi ya adui kuikomboa maiti ya mwanawe Hector. Kwa Homer, gari lililobeba fidia, linalokokotwa na nyumbu, wale wazaliwa wa punda na farasi, huendeshwa na mpiga mbiu wa mfalme aitwaye Idaeus. Malouf anamweka mahali pake Somax, mchukuzi aliyetwaliwa sokoni pamoja na nyumbu wake, na kwa kuwa desturi ya jumba yataka mwandani wa mfalme aitwe Idaeus, mzee huyo hana budi kulibeba jina hilo. Kwa hila hiyo ndogo, yenye mzaha ndani yake, utenzi wa kale haukanushwi hata kidogo. Njiani Somax anamshawishi mfalme atie miguu yake mtoni na kuonja mikate iliyopikwa na mkwewe, kisha anamsimulia habari za wanawe waliokufa, naye Priam, aliyezaa wana wengi mno kuweza kuwajua mmoja mmoja, anaona kwamba msiba wa mchukuzi una undani ambao misiba yake, iliyozungukwa na taratibu za kifalme, haikuwahi kuwa nao.

Si kila riwaya ya mkondo huu hufikia hapo. Baadhi humpa mwanamke wa kale mawazo ya mhitimu wa chuo kikuu cha leo, akaishi Troy kama mgeni aliyekuja kuikosoa, na usimulizi ukageuka mahubiri. Madeline Miller, aliyewahi kufundisha Kigiriki na Kilatini, alikabiliwa na tatizo gumu zaidi katika The Song of Achilles ya mwaka 2011, kwa sababu alimpa Patroclus usimulizi wa nafsi ya kwanza, na Patroclus hufa kabla hadithi haijaisha. Miller anaiacha roho yake iendelee kusimulia. Mkosoaji angeweza kuliita jambo hilo ukwepaji, lakini katika kitabu cha 23 cha Iliad roho ya Patroclus humjia Achilles usingizini kudai izikwe, kwa hiyo ruhusa ya marehemu huyo kusema ilikwisha kutolewa na Homer.