Wimbo Wahitaji Nyumba

Neno letu la leo ni juu ya muziki wa miji yetu. Hatukuja kuwagombeza vijana kwa sababu ya ngoma zao. Wamekwisha gombezwa vya kutosha. Twataka kuuliza swali moja tu. Kwa nini mji mmoja huzaa wapigaji hodari, na baada ya miaka ishirini hauna tena cha kuonyesha? Na kwa nini mji mwingine, wenye wapigaji wasiowapita wale kwa ufundi, wadumu kuimba nusu karne na zaidi? Sisi twaona kwamba jibu haliko katika vidole vya wapigaji. Liko katika nyumba.

Tuanze na Katanga, maana huko jambo hili laonekana wazi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, alikuwa akizunguka nchi nyingi na mashine ya kunasa sauti. Alipofika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alimkuta kijana akipiga gitaa njiani. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Tracey alinasa nyimbo zake, na mmoja wao, jina lake « Masanga », ukatoka katika santuri ya Gallotone, kampuni ya Afrika ya Kusini. Santuri hiyo ilifika mahali ambapo Mwenda mwenyewe alikuwa hajafika.

Yafaa tutazame kwanza ufundi wenyewe, maana asiyejua uzuri wa kitu hawezi kukililia kikipotea. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, gumba na kidole cha shahada. Gumba latembea juu ya nyuzi nene kama mtu aendaye kazini asubuhi, bila haraka na bila kusimama. Kidole cha shahada charukaruka juu ya nyuzi nyembamba. Mara chatangulia, mara chachelewa kidogo, mara chajibu. Asiyeona huapa kwamba wapigaji ni wawili. Tena hakupiga wimbo mmoja mara mbili kwa namna ile ile. Kila mara aligeuza jambo. Ndiyo maana mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliyaandika mapigo yake kwa noti na kuyaeleza katika makala za mwaka 1961 na 1962. Muziki huo haukuwa ngoma ya kijiji iliyotiwa katika nyuzi, wala haukuwa wimbo wa Kizungu ulioigwa. Ulikuwa sauti ya miji ya machimbo, ambamo watu wa makabila mengi walikutana kazini wakazoea kusemezana kwa Kiswahili. Naye Mwenda aliimba kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao.

Wala hakuwa peke yake. Alikuwako Losta Abelo. Alikuwako Edouard Masengo, ndugu yake Mwenda, aliyeimba pamoja na kundi la Jecoke la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwisho wa miaka ya 1950 Mwenda na Masengo walikwenda Nairobi, wakasikika katika redio, na wapigaji wa Kenya wakajifunza mengi kwao. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani, kwenye sikukuu ya muziki ya Newport.

Sasa turudi nyumbani. Je, nyumbani kulikuwa na nini? Mwenda alifanya kazi katika benki, kisha katika kampuni ya machimbo, na alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Kazi hizo ni za heshima, na hatusemi kwamba alikufa njaa. Twasema hivi tu: mtu ambaye jina lake lilijulikana Afrika, Ulaya na Marekani, hakulishwa na gitaa lake peke yake. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia. Na mtu akitaka kusikia sauti zile alizozinasa Tracey, aende wapi? Zimewekwa katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na ambayo leo iko katika chuo kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Tena mwaka 1982 Mwingereza mwingine, John Low, mpiga gitaa, alitoa kitabu juu ya safari yake ya Shaba, yaani Katanga. Alikuwa amekwenda kuyatafuta upya mapigo na nyimbo za miaka ya 1950 na 1960. Fikirini neno hilo, ndugu: kuyatafuta upya! Wenye mapigo hayo walikuwa bado hai, lakini mapigo yao yalikuwa tayari kitu cha kutafutwa.

Mtu atatuambia: « Desturi zilibadilika. Gitaa za umeme na orkesta za Léopoldville zilikuja, watu wakamchoka mpigaji mmoja na gitaa lake kavu. » Ni kweli. Lakini neno hilo halitoshi. Hata Léopoldville desturi zilibadilika, tena mara nyingi, lakini muziki wa huko haukufa. Ulibadilika ukiwa nyumbani mwake. Tutazame basi Léopoldville.

Mwaka 1948 mfanya biashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis, alifungua huko nyumba ya kunasa na kutoa santuri, iitwayo Ngoma. Baadaye zikaja Opika, Loningisa na Esengo. Wenye nyumba hizo walikuwa wageni, na walitafuta faida. Lakini nyumba zilikuwa mjini, na waimbaji waliingia na kutoka, wakaona jinsi kazi inavyofanywa. Walijifunza si kuimba tu, bali pia kushika kazi. Mwaka 1960 Joseph Kabasele alikuwa na chapa yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Baadaye Verckys, mpiga saksofoni aliyetoka katika kundi la Franco, aliunda chapa yake Veve, akawatoa vijana wengi.

Mfano mwingine ni OK Jazz. Kundi hilo lilizaliwa mwezi wa Juni 1956 katika baa moja iliyoitwa OK Bar, likachukua jina la baa hiyo. Jambo hili si dogo. Kabla ya sifa, kabla ya santuri nyingi, walikuwa na mahali: watu wa mji walijua kwamba wakienda pale watawakuta. Miaka ilipopita, Franco alijenga mahali pake mwenyewe huko Matonge, pakaitwa Un-Deux-Trois. Kundi likadumu chini yake hata alipofariki mwaka 1989. Wapigaji wengi waliingia na kutoka, desturi zikageuka, lakini nyumba ilisimama.

Tusifikiri hata hivyo kwamba Kinshasa ni paradiso. Kuna ugonjwa huko ambao kila msikilizaji aujua: ule wa kutupa majina ya matajiri na wakubwa katika wimbo kwa ajili ya fedha. Wao wauita « libanga », yaani jiwe. Mwanzo jina moja lilitajwa kwa shukrani. Siku hizi kuna nyimbo ambazo majina yamekuwa mengi hata hadithi ya wimbo yapotea kati yao. Mwimbaji anayekula kwa majina hawezi kuimba juu ya mjane aliyenyang'anywa nyumba, ikiwa aliyeinyang'anya ndiye aliyelipa jana. Ana nyumba, lakini ufunguo anao mwingine. Basi nyumba haitoshi. Ni lazima ifunguliwe kwa franka ndogo za watu wengi, si kwa mfuko mmoja mnene.

Sasa, wasomaji wapenzi, tusiwanyoshee wengine kidole tukasahau nyumba yetu wenyewe. Mwaka 1958, huko Kamina, watoto wa shule na walimu wao waliimba Misa iliyoitwa « Missa Luba ». Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ndiye aliyewakusanya. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti zilikuwa za nchi. Kyrie yafuata namna ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Mwaka ule ule walizunguka Ulaya, na santuri yao ikasikika duniani kote. Mtaguso wa Vatikano uliandika juu ya kuheshimu muziki wa watu wa misioni mwaka 1963. Watoto wa Kamina walikuwa wamekwisha uimba miaka mitano mbele.

Kwa ufundi, Misa hiyo yastahili sifa kubwa. Uzuri wake ni kwamba haikutungwa mezani. Waliijenga pamoja kwa kuimba, mmoja akitoa, wengine wakipokea, hata ikapata umbo. Baadaye ndipo ikaandikwa kwa noti. Sikilizeni sauti ya mwalimu Joachim Ngoi inavyopanda peke yake, na kundi linavyoipokea kama udongo unavyopokea mvua. Lakini hapo hapo pana jambo la kutuumiza. Ulizeni watu Missa Luba ni ya nani. Wengi watataja jina la Padri. Wachache watamtaja Ngoi. Na wale watoto, nani atawataja? Padri alifanya kazi njema, bila yeye pengine isingekuwako santuri. Hata hivyo kazi ya wengi iliandikwa kwa jina la mmoja, na waliotoa sauti wakabaki « kundi ». Kama sisi wa misioni tunawafundisha watu haki, daftari la nyimbo ni mahali pa kuanzia.

Basi, kutoka katika mifano hii mitatu twapata fundisho gani? Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema kweli juu ya mambo mengi, lakini juu ya wimbo twasita. Wimbo, hata ukiwa mwema sana, haujiuzi, haujitunzi, wala haujifundishi. Wahitaji nyumba, na nyumba hiyo ina vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza ni mahali pa kupigia. Pasiwe mahali pa sikukuu tu, mara moja kwa mwaka na vipaza sauti vya kukodi. Yafaa kuwe na mahali padogo, siku ile ile kila juma, hata kama wasikilizaji ni ishirini. Kila parokia ina sala moja au banda la shule lililo tupu Jumamosi jioni. Kiingilio kiwe kidogo, lakini kiwepo. Maana tuseme ukweli: kwenye arusi zetu twamlipa mpishi, twamlipa dereva, twamlipa mwenye viti, mpiga gitaa twampa soda na kumwambia, « Mwanangu, hii ni huduma. » Injili yatufundisha kwamba mfanya kazi ana haki ya ujira wake. Haikumtoa mpiga gitaa.

Chumba cha pili ni cha kuhifadhi. Leo kijana hangoji gari la mgeni lenye mashine. Simu yake yanasa sauti. Lakini simu huibiwa, huanguka majini, na wimbo hupotea pamoja nayo. Kila kundi liwe na daftari: wimbo gani, nani aliutunga, nani alipiga, siku gani ulinaswa, fedha ngapi ziliingia na ziligawanywa vipi. Nakala ya sauti iwekwe mahali pawili. Waandikishe pia nyimbo zao katika chama cha haki za watungaji. Nchi yetu ilikuwa na SONECA tangu mwaka 1969, na SOCODA ikaundwa mwaka 2011. Mtu aweza kulalamika kwamba vyama hivyo huchelewa kulipa. Lakini asiye na daftari hana hata cha kulalamikia. Makundi mengi huvunjika kwa sababu hakuna aliyeandika fedha, wala si kwa kukosa sauti nzuri.

Chumba cha tatu ni cha kufundishia, na hiki ndicho kilichokosekana zaidi Katanga. Mwenda alikuwa na wanafunzi Nairobi waliomsikia katika redio. Alikuwa na wanafunzi Ulaya waliosoma noti za Rycroft. Lakini hakuna shule ya Likasi iliyosema: « Mzee, njoo Alhamisi, tutakupa mshahara wa mwalimu, uwafundishe watoto hawa kumi gumba na kidole cha shahada. » Watoto kumi tu! Watano wangeacha, watatu wangepiga vibaya, wawili wangebeba. Wawili wangetosha kwa kizazi kimoja.

Wala tusidhani kwamba kujitegemea ni kumfukuza mgeni. Tracey alikuja, tumshukuru; bila yeye tusingesikia leo gitaa la yule kijana wa Jadotville. Kosa halikuwa kwamba mgeni alinasa wimbo. Kosa ni kwamba mwenyeji hakunasa. Mgeni akikuta nyumba, huingia kama mgeni, hupewa kiti, huondoka na zawadi. Akikuta kiwanja kitupu, huchukua alichookota, na hakuna wa kumwuliza.

Katika mtaa wako, msomaji, yuko kijana ambaye jioni hukaa mlangoni na gitaa la nyuzi tano, maana wa sita umekatika na hana fedha ya kununua mwingine. Hatujui kama ni Mwenda mwingine. Naye hajui. Hilo halitajulikana mpaka apate uzi wa sita, na mahali pa kupiga kila juma, na mtu wa kuandika jina lake daftarini. Uzi mmoja si bei kubwa. Anza na huo.