Matundu ya Mashine ya Kufyonza

Mtu akiwa kwenye nusukaputi hamezi wala hakohoi. Mate, damu au matapishi yakijaa kooni, njia yake ni mapafuni. Kwa hiyo kabla dawa haijaingia mwilini, mtaalamu wa usingizi huwasha mashine ya kufyonza, huziba mpira kwa kidole na kutazama mshale wa kipimo. Usipopanda, kazi haianzi.

Ncha inayoingia mdomoni ilibuniwa na Sidney Yankauer, daktari wa koo wa New York, yapata mwaka 1907. Ishike uitazame: kichwa chake ni cha mviringo, kimelainishwa, na ubavuni kina vitundu. Tundu moja likinasa ulimi, hewa hupitia mengine na nyama huachiliwa. Bila vitundu hivyo ingechubua koo inalolisafisha.

Werevu huohuo umo kwenye kifaa ambacho wengi thieta hawakitupii jicho, kile kinachoondoa mabaki ya gesi ya usingizi. Gesi kama halothani anayoitoa mgonjwa kwa pumzi isipoondolewa, wauguzi na madaktari wataivuta mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1977 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza isizidi sehemu 2 katika milioni ya hewa. Pua za wengi hazinusi kiasi hicho.

Ugumu ni kwamba mgonjwa hupumua kwa vipindi, lakini pampu inayovuta mabaki hayo haipumziki. Ukiviunganisha moja kwa moja, pampu itanyonya mapafu. Suluhisho lake hunifurahisha kila nikilifikiria: katikati huwekwa kopo lenye matundu yaliyo wazi kabisa. Pumzi ikija kwa mkupuo, gesi husubiri humo mpaka ivutwe. Isipokuja, pampu hunywa hewa ya chumbani kupitia matundu, na mapafu hayaguswi. Kopo lenyewe halina vali wala umeme. Boya dogo ndani ya kioo, likielea kati ya mistari miwili, huonyesha kwamba mvuto unatosha. Hata mpira unaoleta gesi una mdomo wa milimita 30, ilhali ya kupumulia ni 22, ili anayeunganisha kwa haraka usiku wa manane asichanganye.

Shuka ikiangukia matundu yale, mfuko wa kupumulia unaweza kunywea palepale. Fundi makini wa vifaa tiba, kabla hajasoma kipimo chochote, huyapapasa kwanza kwa kidole ahakikishe hayana vumbi wala plasta.