Kina Kilichozaliwa na Kina Kilichosakwa: Namna ya Kulipima Shairi la Arudhi

Arudhi, yaani jumla ya kanuni zinazoongoza utunzi wa mashairi ya Kiswahili, ilifafanuliwa na Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, lakini mwanafunzi aliyezikariri kanuni hizo mara nyingi hulihesabu shairi kabla hajalisikiliza. Hesabu ni ya lazima, ila shairi laweza kutimiza kila kanuni na bado likapooza kama uji uliolala.

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, ambao ni mstari mmoja wa ubeti. Katika tarbia, shairi lenye mishororo minne kila ubeti, mshororo huwa kwa kawaida na mizani 16, nane za ukwapi, ambao ni kipande cha kwanza, na nane za utao, ambao ni cha pili. Neno “mtu” lina mizani mbili kwa kuwa m yake hutamkwa peke yake, na “mwana”, ingawa ni refu zaidi kwa herufi, lina mbili vilevile. Asiyelijua hilo humtia hatiani mshairi asiye na kosa.

Ubora hasa hujitokeza kwenye vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, kwa sababu hapo ndipo mtunzi hubanwa. Uchukuliwe mshororo huu uliotungwa kwa ajili ya mfano, “Bahari imechafuka, jahazi layumbayumba”, ambao umekwisha kudai vina vya -ka na -mba. Mtunzi mmoja ataendelea, “Nahodha hakutishika, mikono yashika kamba”, na mwingine, “Nahodha hakutishika, akanguruma ja simba”. Yote miwili imetimia kwa mizani na vina, lakini kamba ilikuwamo chomboni tangu mwanzo, ilhali simba, ambaye baharini hana kazi, ameitwa na kina peke yake. Mjuzi hujiuliza kama neno la mwisho lingebaki endapo kina kisingelidai.

Mshairi aliyebanwa anaruhusiwa inkisari, ambayo ni kufupisha neno, kama “ulimwengu” kuwa “limwengu”. Anaruhusiwa pia mazida, ambayo ni kulirefusha, kama “enda” kuwa “enenda”. Vilevile anaruhusiwa tabdila, ambayo ni kubadili sauti ya neno bila kuongeza wala kupunguza mizani. Ruhusa hizi ni kama chumvi, na anayezirundika katika kila ubeti anaonyesha kuwa msamiati umemwishia. Hata hivyo, lahaja isidhaniwe kuwa ruhusa: “ndia” kwa maana ya njia na “mato” kwa maana ya macho ni Kimvita halisi, lugha ya mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa, na kuyaita maneno hayo tabdila ni kukosea mara mbili, kwanza katika isimu, kisha katika adabu.

Kituo, mshororo wa mwisho wa ubeti, huitwa kibwagizo kinaporudiwa beti zote. Kibwagizo dhaifu hurudi kilivyoondoka. Kilicho bora, ijapokuwa maneno yake hayabadiliki, hupata maana mpya kutokana na mishororo inayokitangulia, hata kilichoanza kama ushauri kikafika mwisho kikiwa kejeli.

Mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, yalizua ubishi mkali hasa baada ya Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi, kuchapishwa mwaka 1974, nayo hayaepuki kipimo kilekile cha kama kila kilichomo kina sababu ya kuwamo. Kwa kuwa kina hakipo kumwonyesha msikilizaji mwisho wa mshororo, kila mkato lazima uwe na sababu yake, iwe ni pumzi, mshtuko au neno lililoachwa likining’inia. Na mikato inayoweza kuhamishwa bila chochote kupotea huacha nathari iliyokatwakatwa.