Kusoma Upepo Kwenye Bati Lililong'oka

Msimu wa mvua ukishaanza Singida, tangu Novemba hadi Aprili, simu hujaa picha za aina moja: darasa limeezuliwa, bati limejikunja juu ya mgunga, mwalimu amesimama katikati ya madawati yaliyolowa. Picha ikifika kijiweni ubishi huanza. Ulikuwa upepo wa kasi gani? Hakosekani wa kusema kilomita mia mbili kwa saa, kwa sababu tu paa zima limekwenda.

Tuondoe kwanza jambo moja. Vimbunga vya baharini havifiki huku. Hidaya, kile cha Mei 2024, kilifika Mafia tarehe 4 kikiwa kimeshapungua nguvu, na hata kingefika na nguvu zake zote, kisingemaliza safari ya kuja Manyoni, huku Singida. Kimbunga cha namna hiyo huendeshwa na joto la bahari. Kikikanyaga nchi kavu huanza kufa. Kinachoezua mapaa yetu ni hewa inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi. Mvua na mawe ya barafu huipoza, inakuwa nzito, inashuka kwa kishindo, na ikipiga ardhi husambaa pande zote. Hudumu dakika chache tu, lakini ndani ya dakika hizo inaweza kufikia kasi ya kimbunga. Kwa hiyo hata anayesema mia mbili hatuwezi kumcheka kabla ya kutazama picha.

Na unapoitazama, usianze na kilichoanguka. Anza na kilichosimama. Kilichoanguka kinakueleza zaidi udhaifu wake chenyewe. Kilichosimama, kikiwa karibu na kikiwa wazi kwa upepo uleule, ndicho kinachokuambia kasi haikuvuka wapi. Kwa mfano, tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuharibu merikebu za Sultani Barghash. Ng'ambo ya mkondo wa bahari, mikarafuu ya Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Mtu asiye na kipimo chochote, akilinganisha mashamba ya visiwa hivyo viwili, angejua kimbunga kilipita wapi. Kwa kutazama mikarafuu ya Unguja peke yake asingejua.

Video ndizo hudanganya zaidi, hivyo nizimalize mapema. Mngurumo unaousikia si kipimo: maikrofoni ya simu huanza kunguruma hata kwa upepo wa kupepetea nafaka. Mvua iliyolala nayo hutisha bure. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mita 9 hivi kwa sekunde, halizidi sana hapo, kwa hiyo upepo wa kilomita 32 tu kwa saa unatosha kuilaza mvua nusu kwa nusu kati ya wima na ulalo. Kuanzia kilomita 80 kwenda juu mvua yote huonekana imelala, na jicho halitofautishi 80 na 120. Tena hakikisha simu yenyewe haikushikwa upande. Tafuta nguzo au kona ya nyumba ndani ya picha uitumie kama timazi.

Kitu cha maana kwenye video ni kinachoruka ambacho urefu wake unaujua. Bati la mita 3 likipita mbele ya ukuta, isimamishe video uhesabu fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Bati likisogea urefu wake mmoja ndani ya fremu 6, limekwenda mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Upepo wenyewe ulikuwa na kasi zaidi ya hapo, kwa sababu kinachosukumwa huwa nyuma ya kinachosukuma. Umepata kiwango cha chini, na hicho ni zaidi ya wanachopata wengi. Watazame watu pia. Kwenye vipimo vilivyotokana na kazi ya Francis Beaufort, baharia mzaliwa wa Ireland katika jeshi la majini la Uingereza, aliyeanza kuviandika mwanzoni mwa karne ya 19, kutembea kunakuwa kwa taabu na vijiti vya miti vinakatika kuanzia kilomita 62 kwa saa. Miti hung'olewa kuanzia 89. Ukimwona mtu anakimbia kukinga bati huku mkono mmoja umeshika simu, basi bado tuko chini kabisa ya ngazi hiyo.

Sasa paa, ambalo ndilo kitabu chenyewe.

Bati la geji 30 lina uzito wa kilo 3 hivi kwa mita ya mraba. Liache bila msumari, nalo litainuliwa na upepo wa kilomita 30 au 40 kwa saa ukipita juu yake. Huo kwetu ni upepo wa kawaida: vipimo vya Kititimo, pembeni mwa mji wa Singida, vilivyochukuliwa mita 30 juu ya ardhi kwa ajili ya mipango ya umeme wa upepo, vilitoa wastani wa karibu mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 35 hivi kwa saa. Chini kwenye mapaa kasi hupungua, ila umeelewa kwa nini watu hupanga mawe na matairi juu ya vibanda vyao. Bati lenyewe halishindani na upepo. Wanaoshindana ni msumari, papi, kenchi na ukuta, na swali la mjuzi ni moja: nani kati yao aliachia kwanza?

Sogeza picha karibu. Ukiona papi zimebaki zimenyooka na misumari bado imesimama juu yake, na bati lililoanguka lina matundu yaliyochanika kama midomo, basi lililoshindwa ni bati. Msumari ulishika hadi chuma kikararuka. Hiyo ni dalili ya upepo wa kweli, isipokuwa pale kutu ilipokuwa imeshakula pembeni mwa matundu, na kutu huonekana. Ukiona papi tupu zenye vitundu visafi, misumari ilichomoka: ilikuwa mifupi, au mbao ilikauka, au mchwa walitangulia. Hapo punguza makadirio. Ukiona bati na papi zake vimeanguka pamoja shambani, kama jamvi lililobebwa zima, aliyeachia ni msumari mmoja mmoja wa kushikilia papi kwenye kenchi. Punguza zaidi. Na paa likiondoka lote na kenchi zake, huku juu ya ukuta hakuna nondo wala waya uliokatika, jua kwamba paa lile halikuwa limefungwa. Lilikuwa limewekwa tu. Ndiyo picha inayotisha kuliko zote, nayo mara nyingi ndiyo yenye upepo mdogo kuliko zote. Watu wa kijiweni hawapendi kusikia hili.

Madarasa yana balaa lao la ziada. Ni marefu, na mengi hayana vioo. Upepo ukiingia kwa madirisha ya upande mmoja husukuma bati kutoka ndani huku wa juu ukilivuta, nguvu mbili zikielekea upande uleule. Nyumba ya mwalimu iliyo jirani, ndogo, milango imefungwa, hubaki na mabati yote. Ni upepo uleule. Tazama pia bati la kwanza kuondoka lilikuwa wapi: pembeni, kwenye upenu na kwenye kofia ndiko upepo huvuta kwa nguvu zaidi. Bati la katikati likiondoka na ya pembeni yakabaki, mshuku fundi.

Kuhusu nguvu yenyewe, kumbuka haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Usawa wa bahari, upepo wa kilomita 50 kwa saa husukuma ukuta kwa kilo 12 hivi kwa kila mita ya mraba. Wa 100 husukuma kwa kilo 48. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo toa kama sehemu moja ya saba. Majedwali ya pwani hayaingii Singida bila kupunguzwa.

Tembe ni kesi tofauti. Udongo wa unene wa shibiri juu ya miti una uzito wa zaidi ya kilo 200 kwa mita ya mraba. Hakuna upepo wa huku utakaoliinua paa hilo. Tembe la Mnyaturu likidondoka siku ya dhoruba, ulizia mvua ya wiki nzima iliyotangulia.

Miti na mashamba hueleza mwelekeo kuliko kasi. Mkaratusi ulioanguka na mizizi yake kwenye udongo uliolowa hauthibitishi mengi. Mpapai uliobaki na majani yake unathibitisha mengi, kwa kuwa hakuna kitu dhaifu kuliko shina la jani la mpapai. Alizeti iliyokomaa, kichwa kizito, hulala kwa upepo wa wastani. Usihesabu mimea, tazama imelalia wapi. Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefanyia kazi yake Chicago, ndiye aliyeufafanua upepo huu wa kuporomoka katika miaka ya 1970, baada ya kuona kutoka angani miti iliyolala kuelekea nje kutoka sehemu moja, mpangilio aliokuwa ameuona kwenye magofu ya mabomu ya atomiki ya 1945. Shamba lililolala hivyo, au lote upande mmoja, lilipigwa na hewa ya wingu. Likiwa limesokotwa katika ukanda mwembamba, mimea ikitazamana, hapo zungumza habari za kisulisuli. Fujita alitunga mwaka 1971 ngazi ya kukadiria kasi kwa uharibifu, Wamarekani wakaiboresha mwaka 2007 kwa aina 28 za majengo na miti. Ni kazi nzuri, ila majengo yake ni ya kwao. Darasa la tofali za kuchoma lenye kenchi zisizofungwa halimo.

Chukua sasa picha ya kawaida: darasa limeezuliwa, bati na papi zake ziko ndani ya alizeti mita 40 mbele, darasa la pili la umri uleule ni zima, mpapai wa nyuma una majani, tangi la plastiki limebiringika. Tangi kwanza: la lita 1,000 likijaa lina tani moja, likiwa tupu mtoto analisukuma, basi uliza lilikuwa na maji kiasi gani. Mpapai na darasa la pili vinakataa kilomita 100. Papi zilizosafiri mita 40 zinakataa 40. Sema kati ya 60 na 80. Mtendaji wa kijiji akitaka namba moja ya kujaza kwenye fomu, mwambie aandike kwamba upepo haukupimwa, kisha aambatanishe picha ya darasa lililosalimika.